Uliza Tukujibu: Jazi ya watu watano, swingi, bebopu na Kilatini

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa makundi ya watano watano: tarumbeta, saksafoni, piano, besi na dramu. Wengi wanataka kupiga swingi (jazi ya kuyumba ya bendi za dansi), bebopu (jazi ya kasi iliyotokana nayo) na midundo ya Kilatini (ya Cuba na Brazili) katika usiku mmoja, na wengi wamekwama mahali pamoja. Katika majibu yetu, tukisema kipimo tuna maana ya mapigo manne, na tukisema nusu-pigo tuna maana ya pigo moja lililokatwa mara mbili.

Noti zote tunazipata, lakini swingi yetu inasikika nzito kama gwaride. Tuna tarumbeta, saksafoni ya tena, kinanda, gitaa la besi na dramu. Kosa liko wapi?
*Mpiga kinanda, Arusha*

Kosa la namna hii mara nyingi huwa chini, kwenye besi na dramu, halafu kwenye mkono wako wa kushoto. Wapulizaji wapumzike nusu saa ya kwanza ya mazoezi, mbaki watatu tu.

Anzeni na dramu. Katika swingi ngoma ya mguu haiongozi. Saa ya kundi inakaa kwenye simbali ya raidi (sahani kubwa ya shaba), mkono wa kulia: ting, ting-ti, ting, ting-ti. Pigo la kwanza na la tatu ni "ting" moja, la pili na la nne yana mkia. Mguu wa kushoto unafunga hai-hati (sahani mbili zinazogongana) kwenye pigo la pili na la nne, kavu, bila kukosa hata mara moja. Ngoma ya mguu inaweza kugusa mapigo yote manne, lakini kwa ulaini kiasi kwamba ikiacha, mtu ahisi kitu kimepungua bila kujua ni nini. Mkisikia "duf" ya pigo la kwanza imezidi simbali, gwaride lenu linaanzia hapo.

Kisha tazameni mnavyoligawa pigo. Likate sehemu tatu: noti ya kwanza ichukue mbili, ya pili ichukue moja. Huo ni mgao wa kasi ya kati, mapigo 110 hadi 140 kwa dakika. Kasi ikipanda tofauti inapungua, na mkifika 250 noti mbili zinakaribia kulingana. Kundi linaloanza huwa linagawa pigo sehemu nne, tatu kwa moja, likidhani likizidisha ndiyo swingi yenyewe. Muziki unakuwa wa kurukaruka, na ukipandishwa kasi unakwama kabisa.

Besi itembee: noti nne kwa kila kipimo, zote sawa kwa nguvu na kwa urefu, kila noti ikiishi mpaka inayofuata iingie. Mpiga gitaa la besi aliyezoea kukata noti kwa ajili ya dansi ataona tabu. Apige kwa nyama ya kidole karibu na shingo ya gitaa, apunguze ukali wa sauti kwenye amplifaya. Noti ya nne ya kipimo ndiyo mlango wa kordi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ijayo, kwa hiyo iwe nusu toni (hatua ndogo kabisa ya piano) juu au chini ya noti anayoiendea. Kutoka kordi ya F7 kwenda ya B flati 7 (flati ni nusu toni chini ya noti, shapu ni nusu toni juu) apige F, A, C, B, halafu atue kwenye B flati. Ukiisikia hiyo B kavu ikiteremka, unajua kordi imebadilika hata kama piano imenyamaza.

Sasa wewe wa kinanda. Mkono wa kushoto uache noti za chini kabisa, zina mwenyewe, ndiye mpiga besi. Kwa F7 shika E flati na A tu. Kordi ikigeuka B flati 7, E flati inashuka kuwa D na A inashuka kuwa A flati: vidole viwili, nusu toni kila kimoja, na kordi imesikika kamili. Usigonge kila pigo. Gonga pigo la kwanza na nusu-pigo linalofuata pigo la pili, kisha nyamaza kipimo kizima, kisha jibu pale mpiga solo anapovuta pumzi.

Zoezi ni hili. Metronomu (chombo cha kuhesabu mapigo) iwe 60, na kila mlio wake uhesabiwe kuwa pigo la pili na la nne, maana yake mnapiga kwa 120. Bluzi ya vipimo 12 katika F, dakika kumi mfululizo, bila solo. Mlio ukionekana umehamia pigo la kwanza na la tatu, mmeteleza; simameni, muanze tena. Na msikilize kikosi cha Count Basie kilichotoka Kansas City miaka ya 1930: Walter Page kwenye besi, Jo Jones kwenye dramu, Freddie Green akikwangua gitaa mara nne kila kipimo. Bendi nzima ya wapulizaji inakaa juu ya watu hao na piano ya Basie, na hakuna anayesukuma.

Tunasoma karatasi moja ya wimbo, lakini tarumbeta na saksafoni ya alto zikianza pamoja zinagongana vibaya. Tumetiuni mara tatu.
*Mpiga tarumbeta, Kisumu*

Kutiuni, yaani kulinganisha sauti za vyombo, hakutasaidia. Tarumbeta ni chombo cha B flati: ukisoma C, inatoka B flati ya piano. Alto ni ya E flati: ikisoma C, inatoka E flati. Kila mmoja anahitaji karatasi yake. Wimbo ukiwa katika F kwa piano na besi, tarumbeta aandikiwe katika G na alto katika D. Saksafoni ya tena nayo ni ya B flati, kwa hiyo inasoma G kama tarumbeta, ila inatoka oktavu moja chini zaidi. Andikeni kii ya piano (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, hapa F) juu ya kila karatasi kwa wino mwekundu, na jukwaani mkitaja kii mtaje hiyo tu, kila mtu ajigeuzie mwenyewe.

Bebopu inatushinda kwa kasi. Solo zetu zinakuwa ngazi za kupanda na kushuka tu, hazina maneno. Tufanye nini?
*Wapulizaji wawili, Kampala*

Kasi iacheni kwanza. Bebopu ilichipuka New York mwanzoni mwa miaka ya 1940, katika vikao vya usiku kama vya Minton's Playhouse kule Harlem, na waliokuwa wakiitengeneza walikuwa wameshaiva ndani ya bendi kubwa za swingi. Charlie Parker, mpiga saksafoni ya alto, alilelewa na muziki wa Kansas City. Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta, alikuwa amepiga katika bendi ya Cab Calloway. Kenny Clarke alikuwa mpiga dramu wa bendi za dansi kabla hajaihamishia saa ya kundi kwenye simbali ya raidi na kuiacha ngoma ya mguu ipige mishtuko ya ghafla. Wote walianza na swingi, kwa hiyo kama jibu letu la kwanza hapo juu bado linawapa shida, rudini huko kwanza.

Tukija kwenye ngazi, yaani noti zinazofuatana kwa mpangilio. Ngazi ya kawaida ya G7 ina noti saba, na kipimo kina nusu-mapigo manane. Ukiteremka nayo noti zako nzuri zinaanza kudondokea katikati ya mapigo, na msikilizaji anasikia mtu anayetembeza vidole. Wapigaji wa bebopu waliongeza noti moja ya kupitia. Teremka hivi: G, F shapu, F, E, D, C, B, A. Hesabu kwenye mapigo manne: G, F, D, B. Hizo ndizo noti za kordi yenyewe, na zote zimeangukia pigo. F shapu haikuwekwa kwa ajili ya utamu, iko pale kurekebisha hesabu. Ngazi ianze kwenye pigo na kwenye noti ya kordi, vinginevyo faida yote inapotea.

La pili ni kuizunguka noti kabla ya kuigusa. Unataka kutua kwenye E ya kordi ya C: piga F, kisha D shapu, kisha E. Fanyeni hivyo kwa noti ya tatu ya kila kordi katika wimbo mzima, polepole, bila kupamba kitu kingine. Wiki mbili za zoezi hilo zinaleta sentensi zaidi ya miezi ya kukimbiza ngazi.

La tatu ni ulimi. Gusa ulimi kwenye nusu ya pili ya pigo na uiunganishe na noti inayofuata. Wanaogusa ulimi kila noti wanasikika kama taipureta, na juu ya mapigo 180 ulimi wenyewe unachoka.

Kasi ipandishwe hivi: anzeni mapigo 80, mpige mistari yote mara tatu bila kosa, muongeze manne tu. Ikikatika, rudini nane. Rekodi ya Parker ya tarehe 26 Novemba 1945 kwa kampuni ya Savoy, ile ya "Ko-Ko" iliyojengwa juu ya kordi za "Cherokee", inakwenda karibu na mapigo 300 kwa dakika, na ndani yake hamna noti inayokimbizwa. Isikilizeni ikiwa imepunguzwa nusu ya kasi; simu nyingi zinaweza.

Kuhusu nyimbo, anzeni na zile zilizosimama juu ya kordi za "I Got Rhythm" ya George Gershwin ya 1930: vipimo 32, vinane vinane, sehemu A mara mbili, daraja (sehemu ya katikati iliyo tofauti), kisha A tena. Wanamuziki wa bebopu walitunga melodi mpya kibao juu ya kordi hizo, kwa sababu haki ya mtunzi ilikuwa kwenye melodi, si kwenye mpangilio wa kordi. Mkiujua msingi huo mmoja mmefungua nyimbo nyingi.

Neno juu ya melodi ya pamoja. Katika bebopu tarumbeta na saksafoni hupiga melodi ile ile kwa sauti moja, bila kugawana sauti za juu na chini, na hapo uwongo wowote wa tuni unaanikwa. Joto linapandisha sauti ya vyombo vya kupuliza. Pulizeni dakika kumi kwanza, mtiuni baada ya hapo, na mtiuni tena baada ya wimbo wa pili. Mmoja awe kiongozi wa kukata noti za mwisho. Kwa kawaida ni tarumbeta, maana kengele yake (mdomo mpana wa mbele) inaonekana ikishuka.

Sisi tumekulia rumba na zilipendwa. Tulidhani Kilatini kitakuwa rahisi kwetu, lakini mpiga piano wetu aliyesoma nje anasema "mnavunja klave". Ni nini hicho, na kuna ubaya gani?
*Mpiga dramu, Dar es Salaam*

Ana haki ya kulalamika, na ninyi mna bahati kuliko mnavyojua, kwa sababu masikio yenu yameshaizoea klave. Kilichobaki ni kuihesabu.

Klave ni mdundo wa vipimo viwili, na jina hilo hilo ni la vile vijiti viwili vya mbao vinavyoupiga. Hesabu nusu-mapigo 1 hadi 8 katika kila kipimo. Upande wa tatu unapigwa kwenye 1, 4 na 7. Upande wa mbili unapigwa kwenye 3 na 5. Ukianza na upande wa tatu ni klave ya tatu-mbili, ukianza na ule mwingine ni mbili-tatu. Kuna pia klave ya rumba ya Cuba, ambayo pigo la tatu la upande wa tatu linachelewa kutoka 7 hadi 8. Piga makofi hayo huku mguu ukihesabu mapigo manne, mpaka uweze kuzungumza na mtu bila kupotea.

Kuivunja ni hivi: wimbo umeanza mbili-tatu, katikati mpiga dramu anaongeza au anapunguza kipimo kimoja kwenye mshtuko wake, na akirudi yuko tatu-mbili huku melodi imebaki palepale. Hakuna aliyekosea noti, lakini kila kitu kinakwaruzana. Mcheza dansi anasimama, ingawa hawezi kusema kwa nini. Klave ikishaanza haigeuki hadi mwisho wa wimbo. Mwelekeo wake hauchaguliwi kwa kura, unasikilizwa kwenye melodi: kipimo ambacho melodi inatua juu ya mapigo ndicho upande wa mbili, kile inachokwepa mapigo ndicho upande wa tatu.

Juu ya klave kila chombo kina kazi yake. Besi inaacha kutembea. Inapiga tumbao: nusu-pigo la 4 na la 7, na noti ya 7 tayari ni ya kordi ya kipimo kijacho. Pigo la kwanza linabaki tupu. Hapa ndipo wapiga besi wa swingi wanapotoka jasho, maana mkono unataka kulijaza pigo la kwanza. Wakilijaza mara moja moja si dhambi, wakilijaza kila kipimo mdundo unakaa chini kama gunia. Piano inapiga montuno, mstari mfupi unaojirudia kwa oktavu mikono yote miwili, ukiligonga waziwazi pigo la kwanza la upande wa mbili. Kama mna konga (ngoma ndefu za Cuba za kupigwa kwa mikono), kofi la ukali linaanguka kwenye 3 na sauti mbili wazi kwenye 7 na 8. Kama hamna, mpiga dramu azipige hizo mbili kwenye tomu na mkono wa kulia uwe kwenye ubavu wa ngoma.

Halafu jambo ambalo wapulizaji husahau: nusu-mapigo ya Kilatini yako sawasawa. Ule mgao wa mbili kwa moja uachwe kwenye swingi. Tarumbeta ikipiga mgao wa swingi juu ya tumbao, kundi linasikika kama bendi mbili katika vyumba viwili.

Ndoa hii ya jazi na Cuba ina watu na miaka. Mario Bauzá, mpiga tarumbeta wa Havana, alikuwa kiongozi wa muziki katika bendi ya Machito huko New York miaka ya 1940. Mwaka 1947 Chano Pozo, mpiga konga wa Havana, alijiunga na bendi kubwa ya Dizzy Gillespie, na mwishoni mwa mwaka huo wakarekodi "Manteca": chini ni tabaka za midundo za Pozo, katikati ni daraja la vipimo 16 la Gillespie lenye kordi za kijazi. Pozo aliuawa Desemba 1948, na katika muda huo mfupi alikuwa ameshawabadilisha wapiga dramu wa jazi. Kwa upande wenu, sahani za santuri za Cuba za mfululizo wa GV zilianza kuingia Afrika miaka ya 1930, wanamuziki wa Kongo wakazipenda, na rumba yao ikavuka hadi Dar es Salaam na Nairobi. Kwa hiyo mnachokipiga ni binamu wa kile mnachojifunza. Tofauti kubwa ni kwamba gitaa za Kikongo zimepewa uhuru ambao montuno ya Cuba haina.

Msichanganye hayo na Brazili. Bosanova na samba hazifungwi na sheria ya klave ya Cuba. Katika bosanova besi inapiga 1, 4, 5 na 8, mzizi wa kordi kwanza kisha noti ya tano, na hesabu inahisiwa kwa mawili makubwa. Dramu inagusa ukingo wa snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) kwa kijiti kilicholazwa. Pigeni kwa utulivu. Ikipigwa kwa nguvu ya mambo, ile dansi ya Cuba, inaharibika ndani ya vipimo vinne.

Mtego wa mwisho: nyimbo zinazobadilika njiani. "A Night in Tunisia" ya Gillespie ina sehemu A za Kilatini, besi ikirudia mstari mmoja, kisha daraja linaingia swingi. Makundi mengi yanaharakisha yakiingia darajani kwa sababu besi inatoka kwenye noti chache kwenda noti nne, na mwili unadhani mwendo umeongezeka. Mpiga dramu afunge hai-hati kwenye pigo la pili na la nne kuanzia vipimo viwili kabla ya daraja, na wote wauone mguu huo. Pigo halibadiliki, kinachobadilika ni mgao wake. Fanyeni zoezi la vipimo vinane Kilatini, vinane swingi, na metronomu ikilia, hadi mpito usisikike.

Kwa nini bendi zetu za zamani ziliitwa Jazz wakati hazikupiga jazi?
*Msomaji, Morogoro*

Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Nuta Jazz. Na ng'ambo ya ziwa African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz iliyoanzishwa Léopoldville (sasa Kinshasa) mwaka 1956. Jina lilitangaza kwamba hii ni bendi ya dansi ya kisasa, yenye gitaa na vyombo vya kupuliza, tofauti na ngoma na beni. Muziki wenyewe ulikuwa rumba, chacha na midundo ya nyumbani. Hata hivyo wapiga saksafoni wa bendi hizo walikuwa na sauti nene na namna ya kuvuta noti ambayo kijana wa jazi wa leo angefaidika sana kuiiga, na rekodi zipo.

Nina ukumbi mdogo wa watu 60, Zanzibar. Nimekubaliana na kundi la watano wenye besi kubwa ya kusimama. Niwaandalie nini upande wa vyombo vya sauti? Mara ya mwisho besi ilikuwa inapiga mluzi tu.
*Mwenye ukumbi, Mji Mkongwe*

Nafasi ya mita nne kwa tatu inatosha. Tandika zulia la mita mbili kwa mbili chini ya dramu, la sivyo ngoma ya mguu itatembea. Ukitazama jukwaa, piano iwe kushoto, dramu kulia, besi katikati yao, hatua moja kutoka simbali ya raidi. Usiwatenganishe mpiga besi na mpiga dramu kwa ajili ya picha nzuri. Wapulizaji mbele, wakiwa wamegeuka kidogo ili waone wenzao.

Kwa watu 60 dramu haihitaji maiki hata moja. Kigezo cha sauti ya ukumbi ni dramu yenyewe. Vingine vyote vipandishwe kufikia hapo na visivuke. Wapulizaji wanaweza kwenda bila maiki pia, ila ukiwa na mbili za kawaida kama Shure SM58, ziweke sentimita 30. Kwa saksafoni elekeza maiki katikati ya funguo, si ndani ya kengele, maana ndani ya kengele zinatoka noti za chini tu na kelele.

Mluzi wa besi una sababu mbili zinazojulikana. Ya kwanza: besi kubwa hubeba kipokea-sauti cha piezo (kinachonasa mtetemo wa mbao), ambacho kinataka mlango wenye ukinzani mkubwa, angalau megaomu 1. Ukikichomeka moja kwa moja kwenye mlango wa laini wa mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), noti za chini zinakufa na kinabaki kisauti cha puani. Fundi akiipandisha ili isikike, inalia. Mwambie mpiga besi aje na kisanduku chake cha kuandaa sauti, au uwe na DI boksi (kisanduku cha kuunganisha chombo na mikisa) yenye umeme wake. Ya pili: amplifaya iko nyuma ya besi na mwili wa besi unaisikia. Iweke kando yake, juu ya kiti, sentimita 40 au 50 kutoka sakafuni. Kata kila kitu chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 40, kwa kuwa noti ya chini kabisa ya besi hiyo ni hezi 41. Mluzi ukibaki, tafuta kati ya hezi 100 na 200 na upunguze kidogo hapo tu, au geuza swichi ya fezi (inayopindua mawimbi ya sauti) kama amplifaya inayo.

Usiione besi kuwa kitu cha kumalizia. Tarehe 15 Mei 1953 Parker, Gillespie, Bud Powell (piano), Charles Mingus (besi) na Max Roach (dramu) walipiga pamoja Massey Hall, Toronto. Watu hao watano jukwaa moja, na bado besi haikusikika vizuri kwenye kanda, hata Mingus akalazimika kurudia sehemu zake studio.

Kuhusu piano yako: unyevu wa pwani unavimbisha ubao wa sauti na tuni inapanda, kiyoyozi kikiukausha inashuka. Kiyoyozi kinachowashwa usiku wa onyesho peke yake ndicho kinachoiharibu zaidi. Iweke mbali na upepo wake na dirisha, itiuniwe hezi 440 siku ya onyesho, baada ya kuhamishwa na si kabla. Besi kubwa nayo uso wake unainuka kwa unyevu na nyuzi zinakuwa juu, kwa hiyo mpe mpigaji saa nzima ndani ya ukumbi kabla ya majaribio. Majaribio yaende hivi: besi peke yake, besi na dramu, piano, kisha wapulizaji. Ukianza na wapulizaji, kila anayefuata ataomba kupandishwa.

Tumepewa saa mbili hotelini. Nyimbo ngapi, na tuzipange vipi?
*Kiongozi wa kundi, Nairobi*

Vipindi viwili vya dakika 45 na mapumziko ya nusu saa. Idadi ya nyimbo ipigieni hesabu. Wimbo wa vipimo 32 kwa mapigo 160 una mapigo 128, yaani sekunde 48 kwa mzunguko mmoja. Melodi mwanzo na mwisho ni mizunguko miwili, tarumbeta miwili, saksafoni miwili, piano miwili: jumla minane, dakika 6 na sekunde 24. Mkiongeza mzunguko mmoja wa kubadilishana vipimo vinne vinne na dramu inafika dakika 7 na sekunde 12. Nyimbo sita zinajaza kipindi. Mkiandaa kumi mtakatiza solo za watu.

Msimpe kila mtu solo kila wimbo. Mfululizo wa tarumbeta, saksafoni, piano, besi, dramu ukirudiwa mara sita, watu wanaanza kuongea kuanzia wimbo wa tatu. Wimbo mmoja piano pekee, mwingine besi ianze, wa bosanova saksafoni pekee.

Fungueni kwa swingi ya 130 hadi 150 ambayo mnaiweza mkiwa usingizini, kwa sababu midomo haijapata joto na ukumbi bado unatafuta viti. Kilatini kiwe cha tatu. Bebopu ya kasi iwe ya tano, kamwe isiwe ya mwisho wa kipindi cha pili, midomo ya tarumbeta itakuwa imeisha. Fungeni kwa mambo au bluzi. Badilisheni kii kila wimbo. F tatu mfululizo zinachosha sikio hata la asiyejua muziki.

Hesabu ya kuanzisha itolewe na mtu mmoja, na kabla hajafungua mdomo aimbe kimoyomoyo vipimo viwili vya katikati ya wimbo, si vya mwanzo. Mwanzo wa melodi mara nyingi una noti chache na unamdanganya, anaanzisha kwa kasi ambayo daraja haliwezi kuipokea. Kwa swingi ahesabu "moja… mbili… moja, mbili, tatu, nne" huku akipiga vidole kwenye la pili na la nne. Kwa Kilatini apige klave vipimo viwili, upande ule ule wimbo unaoanzia.